Kusawazisha na Kurekebisha Msumeno wa Mnyororo kwa Ukataji wa Kuni: Ufafanuzi kwa Kurejelea Nyanda za Juu za Njombe

1.0 Utangulizi

Mwati ulienea Njombe hasa kupitia mashamba ya Kampuni ya Tanganyika Wattle, iliyoanzishwa mwaka 1949 kwa lengo la kupata tanini kutoka kwenye maganda ya mti huo. Tanini iliuzwa mbali, kuni zilibaki. Leo mwati, pamoja na mlingoti, kama mkaratusi unavyoitwa na wenyeji wengi wa nyanda hizo, ndio unaojaza mabanda ya kuni kabla ya baridi ya Juni na Julai. Kazi iliyokuwa ya shoka sasa hufanywa na msumeno wa mnyororo, ambao watumiaji huuita chenso, na chombo hicho kimetoka kwenye kambi za uvunaji hadi kwenye ua wa nyumba.

Pamoja na chombo limekuja lalamiko moja linalosikika mara kwa mara: msumeno hauna nguvu. Mwenye msumeno hujibu lalamiko hilo kwa njia mbili. Ama huzigeuza skrubu za kabureta kwa kubahatisha, ama huitoboa ekzosi ili injini "ipumue". Makala haya yanafafanua kinachotokea ndani ya injini katika hali zote mbili. Hoja inayojengwa ni kwamba nguvu inayotafutwa kwenye ekzosi mara nyingi imepotea kwenye mnyororo na kwenye hewa nyembamba ya milimani, na kwamba rekebisho lolote linaloongeza hewa bila kuongeza petroli huiua injini. Kwa kaya iliyonunua msumeno kwa akiba ya misimu kadhaa, kuungua kwa pistoni ni hasara isiyofidiwa kwa urahisi.

2.0 Mnyororo kabla ya injini

Mnyororo unaotumika leo una asili ya kushangaza kidogo. Mwaka 1946, Joseph Cox, mkata magogo wa Oregon nchini Marekani, alimtazama buu wa mbawakawa akitafuna gogo kwa taya mbili, kulia na kushoto, bila kujali mwelekeo wa nyuzi za mti. Minyororo ya wakati huo ilikuwa na meno ya kukwaruza mithili ya msumeno wa mkono, nayo ilihitaji kunolewa mno. Cox alibuni jino lililopindwa kama taya ya buu, na mwaka 1947 mnyororo wake ukaanza kuuzwa. Jino hilo halikwaruzi, linaranda. Mbele yake kipo kinundu kidogo cha chuma kinachoamua jino lizame kiasi gani ndani ya mti.

Maelezo haya yana umuhimu wa kiutendaji. Jino linaloranda hutoa chenga nene, ilhali jino butu hutoa unga. Kwa hiyo, kabla ya kuilaumu injini, mkataji anapaswa kutazama kinachorundikana miguuni pake. Ikiwa ni unga mwembamba, na ikiwa analazimika kuukandamiza msumeno ili ukate, tatizo ni mnyororo. Kukandamiza huko hupunguza mzunguko wa injini, huongeza joto la klachi na la baa (kile chuma kirefu bapa ambacho mnyororo huzunguka pembezoni mwake), na mkataji hubaki akiamini kwamba injini imechoka.

Kunoa huanza na kuchagua tupa ya mviringo inayolingana na mnyororo. Saizi ya mnyororo hupatikana kwa kupima umbali kati ya ribiti tatu zinazofuatana na kuugawanya kwa mbili. Mnyororo wa inchi 3/8 hunolewa kwa tupa ya milimita 5.2 au 5.5 kutegemea mtengenezaji, na ule wa inchi 0.325 kwa tupa ya milimita 4.8. Pembe iliyozoeleka kwa kukata gogo kwa kukingama ni nyuzi 30. Tupa husukumwa kuelekea upande mmoja tu, kutoka ndani ya jino kwenda nje, bila kuikwaruza wakati wa kuirudisha. Meno yote hayana budi kubaki na urefu mmoja, kwa kuwa upande mmoja ukizidiwa, msumeno hukata kwa kupinda na baa hubana ndani ya gogo.

Kinundu kinachotangulia jino ndicho kinachosahaulika zaidi. Jino hufupika na kushuka kila linaponolewa, lakini kinundu hubaki palepale hadi kifike mahali ambapo kinalizuia jino lisiguse mti. Ndiyo maana mtu anaweza kunoa kwa bidii na bado asipate chenga. Tofauti ya kimo kati ya ncha ya jino na kinundu katika mnyororo wa inchi 3/8 kwa kawaida huwa takriban milimita 0.65, nayo hurejeshwa kwa tupa bapa na kipimo maalumu. Wapo wanaokishusha zaidi ya hapo ili msumeno "ule" haraka. Katika mlingoti uliokauka, ambao ni mgumu, ulafi huo huzimisha injini. Baya zaidi, huongeza uwezekano wa ncha ya baa kuruka ghafla kumwelekea mkataji, ajali ambayo aghalabu hulenga shingo na uso.

Rekebisho la kwanza linalostahili kufikiriwa kwa msumeno wa kuni, kwa hiyo, halihusu injini kabisa. Ni kufupisha baa. Misumeno mingi yenye ujazo wa sentimita za ujazo 70 hivi huuzwa ikiwa na baa ya sentimita 60 au zaidi kwa sababu imekusudiwa kuangushia miti mikubwa. Shina la mwati linalokatwa kwa kuni mara nyingi halifiki kipenyo cha sentimita 30. Baa ya sentimita 45 hulimaliza shina hilo, ina meno machache ya kunoa, mnyororo wake una msuguano mdogo, na uzito wa mbele hupungua. Nguvu iliyokuwa ikipotea kuuburuta mnyororo mrefu hurudi kwenye kukata. Aghalabu mwenye msumeno aliyefanya hivi hahitaji tena kuitoboa ekzosi, ingawa ni kweli kwamba baa mpya na mnyororo wake hugharimu zaidi ya kukodi drili kwa saa moja.

3.0 Petroli, oili na neno "mafuta"

Injini ya msumeno ni ya mipigo miwili. Haina sampu ya oili kama ya gari. Oili yake huchanganywa na petroli, kisha hupita pamoja nayo kwenye kabureta, kwenye chumba cha kombeo na hatimaye kwenye silinda. Uwiano unaopendekezwa na watengenezaji wengi kwa oili bora ya mipigo miwili ni 50:1, yaani mililita 20 za oili kwa kila lita 1 ya petroli, au mililita 100 kwa dumu la lita 5. Kwa oili za daraja la chini, uwiano wa 25:1, yaani mililita 40 kwa lita, ndio unaoelekezwa na baadhi yao. Oili ya injini ya gari haifai kuchukua nafasi yake.

Hapa lugha yenyewe huleta hatari. Katika Kiswahili cha gereji, petroli ni "mafuta", na mara nyingine oili nayo ni "mafuta". Msumeno unapotoa moshi mwingi na kugugumia, fundi husema "punguza mafuta", akimaanisha kukaza skrubu ya kabureta ili petroli iingie kidogo kulingana na hewa. Mwenye msumeno husikia kauli hiyohiyo na kupunguza oili kwenye dumu. Moshi hupungua kweli, na msumeno huonekana kupona. Lakini mgugumo haukusababishwa na oili, hivyo siku inayofuata huikaza skrubu pia. Injini sasa imenyimwa oili mara mbili: kwanza kwenye dumu, kisha kwenye kabureta, kwa kuwa kila tone la petroli linalopunguzwa huondoka na sehemu yake ya oili. Inafaa kwa hiyo kutenganisha istilahi. Katika makala haya, mchanganyiko mzito ni ule wenye petroli nyingi kulingana na hewa, na mchanganyiko mwepesi ni ule wenye petroli pungufu. Uwiano wa oili na petroli ni suala jingine, na halipaswi kuguswa kama njia ya kusawazisha.

Mchanganyiko mwepesi hudanganya. Kwa muda mfupi injini huzunguka kwa kasi zaidi, sauti yake huwa kali na safi, na mkataji hufurahi. Petroli inayoingia kwenye silinda, hata hivyo, haina kazi ya kuungua pekee. Mvuke wake huipoza pistoni. Ikipungua, pistoni hupanuka kuliko silinda, utando wa oili hukatika, na aluminiamu hukwaruzana na ukuta wa silinda hadi injini inakwama. Jambo hili linaweza kutokea ndani ya tanki moja la mafuta.

4.0 Kwa nini msumeno wa Dar es Salaam hulemaa Njombe

Mji wa Njombe upo kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Katika mwinuko huo, uzito wa hewa katika ujazo uleule huwa pungufu kwa takriban asilimia 18 ukilinganishwa na pwani. Pistoni huvuta ujazo uleule wa hewa kila inapopanda, lakini ndani ya ujazo huo mna oksijeni kidogo. Petroli, kwa upande wake, hufyonzwa na mvutano wa hewa kwenye koo la kabureta, na kiasi chake hakipungui kwa kadiri hiyo. Hupungua kwa takriban nusu ya upungufu wa hewa. Matokeo ni kwamba msumeno uliosawazishwa pwani ukiletwa Njombe huwa na mchanganyiko mzito kwa karibu asilimia 10. Hugugumia, hutoa moshi, plagi hujaa masizi, na huwaka kwa shida asubuhi ya baridi.

Sehemu ya tatizo hili hutibika kwa kabureta, na sehemu haitibiki. Kukaza skrubu kidogo hurejesha uwiano sahihi wa petroli na hewa. Hakurejeshi oksijeni isiyokuwepo. Msumeno uliosawazishwa kikamilifu Njombe bado utakuwa na nguvu pungufu kwa kiasi kinachokaribia upungufu wa hewa yenyewe, na mwenye kuulinganisha na msumeno wa nduguye aliyeko Kibaha analinganisha vitu viwili tofauti. Kutofahamu mpaka huu ndiko kunakowafanya wengi waendelee kuikaza skrubu wakitafuta nguvu ambayo kabureta haiwezi kuitoa.

5.0 Usawazishaji wa kabureta

Baadhi ya misumeno mipya, kama ile ya STIHL yenye mfumo wa M-Tronic na ile ya Husqvarna yenye AutoTune, hujisawazisha yenyewe kwa elektroniki na haihusiki na sehemu hii. Misumeno mingi iliyoko vijijini ina skrubu tatu. Skrubu ya L hupima petroli ya mzunguko mdogo, H hupima ya mzunguko mkubwa, na ya tatu, inayoandikwa LA, T au S, haipimi petroli bali huinua au kushusha mzunguko wa injini isipokata, hali ambayo mafundi huiita sailensi. Kukaza L au H, yaani kugeuza kuelekea mwendo wa saa, ni kupunguza petroli. Kulegeza ni kuiongeza.

Usawazishaji hauanzi kwa bisibisi. Chujio la hewa lisafishwe kwanza, kwa sababu chujio lililoziba huufanya mchanganyiko kuwa mzito, na atakayesawazisha likiwa chafu ataipa injini mchanganyiko mwepesi siku atakapolisafisha. Mchanganyiko wa petroli uwe mpya, mnyororo uwe mkali na umekazwa ipasavyo. Kisha injini ichunguzwe kama inavuta hewa kwa njia ya wizi, kupitia sili za kombeo au mpira unaounganisha kabureta na silinda. Dalili yake ni sailensi inayopanda na kushuka yenyewe, inayobadilika msumeno unapolazwa ubavu, au mzunguko unaochelewa kushuka baada ya kuachia. Injini yenye dalili hizi isisawazishwe hadi uvujaji uzibwe.

Baada ya hapo, L na H hukazwa taratibu hadi zigote, bila nguvu, kwa kuwa ncha zake ni nyembamba na huharibu kiti cha kabureta. Kila moja hulegezwa mzunguko 1, ambao ndio mwanzo wa kawaida isipokuwa kitabu cha msumeno kinaelekeza vingine. Injini huwashwa na kuachwa ipate joto kwa dakika 3 hadi 5 huku ikikata kata ndogondogo. L hushughulikiwa kwanza, kwa kuwa njia yake huendelea kupitisha petroli hata katika mzunguko mkubwa. Hugeuzwa polepole huku na huku hadi ipatikane sehemu ambapo sailensi iko juu kabisa, kisha hulegezwa kiasi, takriban thumuni ya mzunguko, hadi injini iitikie mara moja inapopigwa resi. Ikisita kabla ya kupanda, bado ni nyepesi. Skrubu ya sailensi hushushwa hadi mnyororo usimame kabisa. Mnyororo unaotambaa injini ikiwa kwenye sailensi ni hatari isiyovumilika.

H husawazishwa kwa sikio, na hapa ndipo ujuzi ulipo. Msumeno ukipigwa resi hadi mwisho bila kukata, ukiwa na mchanganyiko mzito kiasi, hautoi mlio mmoja mwembamba bali hutoa sauti ya kigugumizi, kwa sababu petroli nyingi huzuia moto usiwake katika kila mzunguko. Huwaka mmoja na kuruka mwingine. Kigugumizi hicho si ugonjwa. Ni ushahidi kwamba injini ina akiba ya petroli. Fundi huikaza H kidogo kidogo hadi kigugumizi kikaribie kutoweka, kisha huilegeza hadi kirudi waziwazi. Resi isizidi sekunde chache kila mara. Baada ya hapo baa huzamishwa kwenye gogo: kigugumizi kikitoweka mara injini inapobeba mzigo, na kurudi mara msumeno unapoinuliwa, H iko mahali pake. Kisiporudi, ni nyepesi. Kikiendelea hata ndani ya gogo, ni nzito. Mwenye kipima mzunguko alinganishe na kiwango cha juu kilichoandikwa kwenye kitabu, ambacho kwa misumeno mingi ya ukubwa wa kati huwa kati ya mizunguko 12,500 na 14,000 kwa dakika. Rangi ya plagi husaidia baadaye: kahawia ya kahawa ya maziwa ni njema, nyeupe ni onyo, nyeusi iliyolowa ni mchanganyiko mzito.

6.0 Kufungua ekzosi

Wazo la kufungua ekzosi si upuuzi. Watengenezaji wameibana njia ya moshi ili kutimiza kanuni za kelele na moshi za Marekani na Ulaya, na tundu la kutokea moshi katika misumeno mingi ni dogo kuliko mlango wa moshi wa silinda. Ikipanuliwa, moshi hutoka upesi, hewa mpya huingia zaidi, na injini hubeba mzigo vizuri. Ila hewa zaidi maana yake ni mchanganyiko mwepesi. Anayeitoboa ekzosi na kuuwasha msumeno bila kulegeza H amefanya kwa drili kosa lilelile ambalo mwingine hulifanya kwa bisibisi. Katika misumeno ambayo skrubu zake zimefunikwa vifuniko vya plastiki vinavyozuia kugeuzwa zaidi ya kiasi fulani, H huenda isiweze kulegezwa vya kutosha. Msumeno wa namna hiyo usitobolewe.

Anayeamua kufanya kazi hii aiondoe ekzosi kwenye injini kabla ya kuitoboa, na mlango wa silinda uzibwe kwa pistoni yenyewe na kitambaa safi. Chenga moja ya chuma ndani ya silinda hutosha kuikwaruza. Kipimo kinachotumiwa na mafundi wengi ni kwamba jumla ya matundu isizidi takriban asilimia 80 ya eneo la mlango wa moshi wa silinda. Tundu jipya lielekezwe mbele, mbali na tanki, na mbali na mkono na uso wa mkataji. Wavu wa kuzuia cheche urudishwe. Katika miezi ya kiangazi, nyasi zilizo chini ya misindano huwa kavu, na cheche moja ya masizi inaweza kuanzisha moto usiozimika kwa matawi.

Kelele nayo huongezeka. Msumeno usiorekebishwa hufikisha takriban desibeli 110 sikioni mwa mkataji. Kwa kipimo cha taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, kinachoruhusu desibeli 85 kwa saa 8 na kupunguza muda kwa nusu kila zinapoongezeka desibeli 3, sikio lisilo na kinga linaweza kuvumilia kiwango hicho kwa chini ya dakika 2. Vizibo vya masikio ni sehemu ya gharama ya rekebisho hili.

7.0 Marekebisho yasiyofaa kufanyiwa nyumbani

Wapo wanaoondoa gasketi ya chini ya silinda ili kuongeza mgandamizo. Nafasi kati ya kichwa cha silinda na ukingo wa pistoni ikipungua chini ya milimita 0.5, pistoni inaweza kugonga. Na kuipima kunahitaji waya laini wa risasi na uzoefu. Kuchonga milango ya silinda kunahitaji zaidi ya hayo. Kuweka gurudumu la meno 8 badala ya 7 huongeza kasi ya mnyororo kwa injini yenye nguvu ya ziada, na Njombe nguvu hiyo haipo. Breki ya mnyororo na mipira ya kupunguza mtikisiko haiongezi uzito wa maana na haipaswi kuondolewa kwa sababu yoyote.

8.0 Msumeno unaposhuka bondeni

Wakataji wa nyanda za juu huajiriwa pia mabondeni, na misumeno huazimwa, hukodishwa na kuuzwa kati ya mwinuko mmoja na mwingine. Msumeno uliosawazishwa Njombe ukishushwa Ifakara, kwenye mita chini ya 300, hukutana na hewa nzito na huwa na mchanganyiko mwepesi tangu kuwashwa, hasa ikiwa ekzosi yake imefunguliwa. Mlio wake utakuwa mkali na wa kupendeza. Kabla ya gogo la kwanza, H ilegezwe robo ya mzunguko, kisha usawazishaji uanze upya kwa sikio mahali hapo. Idadi ya mizunguko ya L na H iliyotumika Njombe iandikwe kwenye kipande cha plasta kinachobandikwa ndani ya kifuniko cha chujio, ili atakayeupokea msumeno ajue ulitoka hewa gani.